Vitu vya Kale na Majina Yake katika Nchi ya Mpanda

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mawili ya kutaja kitu kilichopitiwa na miaka mingi, nayo hayana maana moja. Kitu kikuukuu ni kile kilichochakaa kwa kutumika, ambacho mwenyewe angekiweka kando kama angepata kingine. Kitu cha kale ni kile kinachoheshimiwa kwa sababu ya umri wake. Kigoda kimoja chaweza kuwa kikuukuu asubuhi, kingali uani kwa mwenyewe, na jioni kikawa cha kale, kikiisha kununuliwa na mgeni na kutiwa katika gari lake. Mti haukubadilika, wala miguu ya kigoda. Yaliyobadilika ni macho yanayokitazama. Katika makala hii twapenda kueleza habari za kazi ya kukusanya vitu vya kale vya mafundi wa kienyeji: jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyofika pande hizi za Ziwa Tanganyika, na jambo moja ambalo wakusanyaji wengi hawakulitia mizigoni mwao, nalo ni jina la kitu pamoja na habari zake.

Tutaanza na mahali. Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Watu wake ni wakulima wa mpunga na mahindi, na wafugaji wa ng'ombe. Nchi ya Mpanda tangu hapo kale ni ya Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na jirani zao. Kisha, hasa tangu miaka ya 1970, Wasukuma wengi walishuka kutoka kaskazini pamoja na mifugo yao, wakitafuta malisho na mashamba. Kwa hiyo, katika kata ya namna hii, vyombo vya makabila mbalimbali hukutana uani: kinu na mchi, kigoda cha mninga, kibuyu cha kusukia maziwa, kihenge cha nafaka, ngoma, na lile bao ambalo Wasukuma huliita isolo. Kila kimoja kina jina zaidi ya moja, na kila jina lina njia yake liliyopitia hata kufika hapo.

Sasa fikirini, wasomaji wetu, mgeni apitaye kwa haraka akakinunua kigoda hapo na kuandika katika daftari yake: "Kigoda cha Katavi." Ameandika neno la kweli, wala halimfai mtu. Kigoda chenye miaka mia hakiwezi kuwa cha mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Huenda kilichongwa Unyanyembe, au Usukuma, au Ufipa, kikaja kichwani mwa bibi harusi, au juu ya gari la ng'ombe, au kikapewa mtu kuwa fidia ya deni. Mwenye nyumba ayajua haya yote, nayo yasemwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kupatana bei. Lakini asipoulizwa hasemi, na akiisha kufa hakuna wa kuulizwa.

Desturi ya kukusanya vitu vya mbali ni ya zamani huko Ulaya. Wafalme na matajiri walikuwa na vyumba vya maajabu, ambamo pembe za ndovu zilizochongwa Afrika ziliwekwa pamoja na makombe ya baharini na mafuvu ya wanyama wasiojulikana kwao. Katika karne ya 19 kazi hii iligeuka kuwa elimu, na zikajengwa nyumba kubwa za makumbusho. Wengine walikusanya vya kwao wenyewe. Huko Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen mwaka 1891, mahali pa wazi palipowekwa nyumba za wakulima wa Sweden pamoja na vyombo vyao, kwa kuwa aliona viwanda vyavifuta vitu hivi upesi. Huko Japani, Yanagi Soetsu na wenzake walikusanya mabakuli, nguo na vikapu vya watu wa kawaida, wakafungua nyumba ya kuvihifadhi katika Tokyo mwaka 1936. Yanagi alimsifu fundi asiyeandika jina lake juu ya kazi yake. Hata hivyo walitembea wilaya kwa wilaya wakitaka kujua kila kazi imetoka wapi na yafanywaje. Watu hawa walikusanya wakiwa miongoni mwa jamaa zao, nao waliweza kuuliza na kuelewa jibu.

Kwetu mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Waliokusanya walikuwa wageni, na wengi walikuja na bunduki kabla ya kuja na daftari. Mwaka 1889 baraza kuu la dola ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, liliamua kwamba mikusanyo ya kitaalamu iliyopatikana katika makoloni kwa fedha za serikali ipelekwe kwanza Berlin. Felix von Luschan, aliyeangalia sehemu ya Afrika katika makumbusho ya mji huo, alitoa kitabu cha maagizo kwa wakusanyaji, akawasihi waandike jina la kila kitu kwa lugha ya wenyeji na matumizi yake. Maagizo yalikuwa mema. Lakini ofisa aliyekuwa safarini kupigana na mtemi hakuwa na nafasi ya kumwuliza mtemi huyo jina la kiti chake. Ndiyo maana katika makumbusho ya Ulaya hata leo vimo vitu vingi vya nchi yetu ambavyo kibandiko chake chataja jina la kabila tu, na pengine jina hilo lina alama ya kuuliza mbele yake.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Karema. Mji huu uko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda, katika mkoa huu huu wa Katavi. Mwaka 1879 Mbelgiji mmoja, Cambier, alijenga kituo hapo kwa niaba ya chama cha kimataifa kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1882 alikuja ofisa mwingine, Émile Storms, ambaye watu walimwita Bwana Boma. Mwaka uliofuata Storms alivuka ziwa akajenga kituo cha pili, Mpala, katika nchi ya Watabwa. Ng'ambo hiyo alikuwako mkuu mmoja mwenye nguvu, Lusinga, aliyewashambulia jirani zake na kuwauza watu. Lusinga hakukubali kuwekwa chini ya Storms, wala Storms hakukubali kuwapo mwingine aliye juu yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 askari wa Storms waliiendea boma ya Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa na kukipeleka kwa bwana wao. Pamoja na kichwa waliteka vitu vya mkuu huyo, na miongoni mwavyo sanamu ya mti ya mzee wa ukoo, ambayo kwa Kitabwa huitwa mkisi.

Mwaka 1885 Storms aliamriwa kurudi kwao, na vituo vya Karema na Mpala vikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Storms alivichukua vitu vyake hata Ubelgiji. Fuvu la Lusinga, pamoja na mafuvu ya wakuu wengine wawili, lilipimwa na wataalamu wa siku zile, waliodhani kwamba tabia ya mtu yaweza kusomwa katika mifupa yake. Sanamu ilikaa nyumbani kwa Storms miaka mingi kama pambo la ushindi. Yeye alifariki mwaka 1918, na katika miaka ya 1930 mjane wake aliitoa kwa makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Huko ikawa kazi ya sanaa iliyosifiwa sana, ikachapwa katika vitabu. Fuvu baadaye liliwekwa katika taasisi nyingine ya mji wa Brussels, mbali na sanamu. Hivyo mzee wa ukoo na mtoto wa ukoo waliwekwa katika nyumba mbili, kimoja kwa jina la sanaa, kingine kwa jina la elimu ya maumbile. Habari hizi ziliposomwa na watu wengi tangu mwaka 2018, Wabelgiji wenyewe walianza kuulizana; na mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, iliyokuwa imesimamishwa katika kiwanja kimoja cha Ixelles, mjini Brussels, iliondolewa.

Twataka msomaji atazame jambo moja katika kisa hiki. Mkisi wa Lusinga ni mmoja katika sanamu chache za pande za ziwa ambazo jina la mwenyewe lajulikana. Lajulikana kwa nini? Kwa sababu aliuawa siku ile, na mwuaji aliandika habari za siku hiyo katika daftari yake. Sanamu zilizonunuliwa kwa amani, kwa shanga na mikono kadhaa ya nguo, zilipoteza majina yao njiani. Hata hiyo ya Lusinga, jina la mchongaji halikuandikwa, wala jina la mzee aliyeonyeshwa na mti ule, wala maneno yaliyosemwa mbele yake alipoombwa mvua au uzazi. Mtaalamu wa Marekani, Allen Roberts, alipokaa kwa Watabwa katika miaka ya 1970, alikuta watu wangali wakisimulia habari za Bwana Boma na Lusinga, karibu miaka 90 baada ya vita. Kumbe maneno yalikuwa yamebaki Afrika na mti ulikuwa Ulaya, na mpaka alipokuja mtu wa kuviunganisha, kila nusu ilikaa peke yake.

Yasemekana kwamba kitu kizuri chajieleza chenyewe, wala hakihitaji maneno. Sisi twaona si hivyo. Chukua kibangwa, ile duara nyeupe iliyokatwa katika kombe la baharini, ambayo watemi wa Unyamwezi, Usukuma na pande za jirani walivaa kama alama ya utemi. Aliyekiona ndani ya kioo ataona gamba jeupe lenye tundu. Ajuaye habari zake ataona njia yote ya misafara toka pwani hata bara. Ataona kwamba kitu cha bei ndogo mahali kilipookotwa kilipanda heshima kwa kila siku ya safari, hata kikawa cha mtu mmoja tu katika nchi. Tena ichukue ile Ikulu yetu, makao ya Rais. Neno hili limetoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, kwao likiwa na maana ya makao ya mtemi. Nyumba za watemi wengi zimeanguka na miti yake imeliwa na mchwa, lakini neno likajenga nyumba mpya Dar es Salaam na Dodoma. Neno laweza kuishi kuliko nguzo, ikiwa liko kinywani mwa watu.

Si wageni wote waliopuuza maneno. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliandika mwaka 1914, katika jarida la Anthropos, habari za wafua chuma wa pande za Ufipa. Tanuri lao refu, liitwalo ilungu, lapata kimo cha mita 3 hivi, nalo lavuta hewa lenyewe pasipo mivukuto. Chuma kikiisha kutoka humo hutiwa katika tanuri dogo ili kisafishwe. Kitu cha namna hii hakichukuliki na meli. Mkusanyaji wa vitu angeondoka na jembe moja na nyundo moja, akidhani amepata kazi ya chuma ya Ufipa. Aliyekusanya maneno alipata mpango wa kazi, miiko ya mafundi, na dawa walizotia katika msingi wa tanuri. Uyeyushaji ulipokoma katika karne ya 20, matanuri yalibaki porini yakimomonyoka kwa mvua, na wataalamu waliokuja kuyachunguza walitegemea sana maandishi na masimulizi ya namna hiyo. Vivyo hivyo Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo zinazotumika kufundishia vijana katika unyago na jando, na kitabu chake cha mwaka 1956 kilieleza matumizi na mafundisho ya sanamu hizo. Bila mafundisho, sanamu zile zingekuwa vidude vya udongo tu.

Baadaye likaja soko. Kwa muda mrefu wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliipenda michongo ya Afrika ya Magharibi na ya Kongo, wakadhani Tanganyika haina sanaa ya mti ila vinyago vya Wamakonde. Mwaka 1990 Marc Felix alitoa kitabu juu ya michongo ya Tanzania, alichokiita Mwana Hiti. Na mwaka 1994 yalifanyika maonyesho makubwa Ujerumani, yaliyopewa pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Kazi hizi ziliwafunulia wengi ustadi wa wazee wetu, nasi twashukuru. Lakini kitu kikisifiwa bei yake hupanda, na bei ikipanda wapita njia huongezeka vijijini, nao hawana haja ya masimulizi marefu.

Wezi nao hawakukosekana. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na mojawapo ni kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli aliwaarifu wenye makumbusho hiyo kwamba kinyago hiki ni cha Tanzania. Na baada ya mazungumzo ya miaka 20 kilirudishwa mwaka 2010. Kitu kilichoandikwa chaweza kudaiwa. Kama kinyago kile kingekuwa kimeibwa katika nyumba ya mtu kijijini, bila daftari wala picha, ni nani angalikitambua, na angalithibitishaje?

Sheria yetu haikunyamaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, pamoja na vyombo vya desturi vilivyowekwa chini ya ulinzi wake. Wala haviruhusiwi kutoka nje ya nchi bila idhini ya serikali. Lakini sheria hulinda kitu kinachojulikana kuwa kipo. Ngoma iliyo darini, ambayo hakuna aliyeandika umri wake, yatoka usiku kama gunia la mpunga.

Mtu atasema: "Kigoda ni changu. Babu yangu alinirithisha, na mtoto wangu adaiwa ada ya shule. Ninyi mwanizuia kwa nini?" Neno hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumwonea haya mwenye shida. Watu hawakuwekwa duniani kuwa walinzi wa vyombo pasipo malipo. Isitoshe, kitu chenyewe si cha kudumu: mchwa huingia, moto huunguza, na ndoo ya plastiki ni nyepesi kuliko mtungi kwa mama aendaye kisimani. Wazee walituonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao; lakini mbacha ukiisha kuoza, hakuna methali iwezayo kuufuma upya. Twasema hivi tu: kama kitu hakiko chini ya sheria, na mwenyewe ameamua kukiuza, na auze mti, jina asiliuze. Kabla hakijatoka mlangoni, mmoja wa watoto wanaosoma na achukue daftari, aandike kinaitwaje, na kila sehemu yake yaitwaje. Kimechongwa na nani, wapi, kwa mti gani. Kilitumiwa na nani, siku zipi, na nani alikatazwa kukigusa. Tena kimetoka kwa nani kwenda kwa nani, na kwa bei gani. Picha ya simu ikiongezwa ni vema zaidi. Daftari ikae shuleni au katika ofisi ya kijiji. Hiyo ndiyo makumbusho ya kwanza, na gharama yake ni kalamu.

Ya pili yaweza kuja baadaye. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada, pamoja na wazee wa Kisukuma, walivikusanya vyombo, ngoma na alama za watemi pale pale katika nchi ya wenyewe, vikaelezwa kwa lugha yao. Kazi hii ilifaa hasa kwa sababu mwaka 1963 serikali iliondoa mamlaka ya watemi, na ngoma nyingi na viti vingi vikawa havina kazi wala mlinzi. Nao Wapimbwe, hapa Katavi, wamekwisha kupata kitabu cha historia na desturi zao, kilichoandikwa na mwenyeji pamoja na wageni. Mwamkulu, kwa kuwa ni mahali pa watu wa asili nyingi, pana kazi ambayo haipatikani Bujora: kuandika jinsi chombo kimoja kinavyobadili jina kikihama uani kwa Msukuma kwenda uani kwa Mbende, na jinsi fundi wa kabila moja alivyojifunza nakshi ya kabila jingine. Mambo haya hayaonekani katika makumbusho ya Berlin wala ya Tervuren, maana huko kila kabila limetiwa kabati lake.

Wazee wanaojua majina hayo wangaliko leo, wakiketi juu ya vigoda hivyo hivyo. Wasomaji wetu wenye babu na bibi Mpanda, Karema au Mwese wasingoje mtaalamu atoke mbali. Waanze na kiti kilicho karibu nao, nasi tutapokea kwa furaha orodha za majina watakazotuletea.